Moshi Juu ya Jeneza la Gichuki

Johannesburg, 9 Septemba 2017

Mpendwa Mama Lois,

Ni mimi Victoire, mke wa mtoto wako Gichuki. Nakuandikia kwa sababu Sidney, rafiki yake wa benki, ameniambia masikio yako hayashiki tena sauti ya simu, lakini barua unasoma mwenyewe, mlangoni penye mwanga. Gichuki pia aliniambia hivyo. Alisema unasoma ukisogeza midomo, na mtu akipita hapo unanyamaza kana kwamba amekukuta unaongea na mgeni.

Mimi na Lois mdogo tuko wazima. Ametimiza miaka sita. Kiswahili anakisikia, lakini anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika anajibu kwa Kizulu alichookota kwa wenzake hapa Joubert Park.

Mwezi wa sita mwili ulipoondoka, mimi nilibaki. Sijui uliambiwa nini. Makaratasi yangu ni ya mkimbizi anayesubiri jibu, nikivuka mpaka siruhusiwi kurudi. Nilisimama nyuma ya kioo pale uwanja wa ndege, na mtoto akaniuliza ndege ya baba ni ipi. Nilimwonyesha moja. Sikuwa naijua, Mama. Nilimwonyesha tu ile iliyokuwa inapaa.

Tangu siku hiyo sijui chochote. Sijui mlimlaza upande gani wa nyumba. Sijui kama ni karibu na ule mparachichi alikoanguka akiwa mdogo akavunja jino. Sijui nani alishika mkono wako. Kila Jumapili nakunja suruali zake upya, kisha nazirudisha palepale.

Nina ombi moja. Tarehe mbili mwezi wa kumi na moja kanisa letu linawakumbuka marehemu wote. Sisi tutamtaja hapa, lakini yeye yuko kwako. Nakuomba siku hiyo uende kaburini, utaje jina lake kwa sauti, umwombe Mungu ampokee. Ukiwa na mshumaa, uwashe. Nimefikiria watu wote ninaowajua duniani, na hakuna mwingine ninayeweza kumwomba hilo.

Mtoto wako,
Victoire

*

Murang'a, 4 Oktoba 2017

Kwa Victoire,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Barua nimepata kwa mkono wa dada yake Sidney. Nashukuru kwa habari za mtoto.

Gichuki amelala chini ya mparachichi, kama ulivyofikiri. Watu walikuwa wengi. Kina mama wa kanisa waliimba tangu asubuhi. Nilishikwa mkono na mchungaji wetu upande mmoja, na upande wa pili hakukuwa na mtu, kwa sababu huo ulikuwa upande wako. Sasa najua kwa nini hukuja, na hilo nimeliweka chini.

Lakini nitakuuliza jambo, na unijibu kweli. Dada yake Sidney alinionyesha kwenye simu picha za ibada mliyofanya huko kabla hamjamleta. Niliona padre amevaa nguo nyeusi yenye dhahabu. Niliona mishumaa mirefu. Niliona moshi, Victoire, moshi mwingi juu ya jeneza la mtoto wangu, na mtu anazunguka nao kama anafukuza nyuki. Nilimwambia yule msichana afunge simu.

Mimi nimeokoka tangu nikiwa msichana. Baba yangu alipigwa mpaka akapoteza jicho, miaka ile ya shida, kwa kukataa kula kiapo cha wapiganaji wa msituni, kwa kuwa alisema damu ya Yesu imetosha. Ndiyo nyumba aliyotoka mume wako. Alibatizwa Anglikana, akawekewa mikono na Askofu akiwa kijana. Kila aliponipigia simu nilimuuliza, unaenda kanisa? Anasema ndiyo, Mama. Kanisa gani? Anglikana, Mama. Miaka yote. Kumbe ulikuwa umempeleka kwa watu wa Roma, na mimi nikilala usingizi.

Mshumaa sitawasha. Kwetu aliyekufa tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, hatumwombei. Yuko mikononi mwa Mungu. Kama alikufa katika imani yetu, hahitaji maombi yangu. Kama hakufa katika imani yetu, usiniambie nisimame pale nikaone kwamba nimechelewa.

Kuna na jambo jingine. Nililiona walipofunua jeneza. Hilo sitaliandika.

Lois

*

Johannesburg, 22 Oktoba 2017

Mama Lois,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa. Nitakujibu kweli kama ulivyotaka.

Sikumpeleka Gichuki kwa watu wa Roma. Mimi ndiye niliyezaliwa katika kanisa hilo, kule kwetu Bukavu, na nilikuwa naenda misa ya Kikatoliki. Yeye alikuwa na Anglikana yake. Tulipooana, kila Jumapili tulishuka pamoja hadi kwenye robot, hizo taa za barabara kubwa, na ikiwa ya kijani mimi nashika kushoto, yeye kulia. Nilipopata mimba alisimama pale kwenye robot akaniuliza: huyu atashika upande gani?

Mtu wa kazini kwake ndiye alimwambia habari za kanisa moja kwenye mtaa wa Observatory, juu kilimani. Tukapanda. Kibao cha nje kiliandikwa Anglikana. Tulipoingia nilisikia harufu ya ubani, nikaona sanamu ya Maria, na nikajikuta nimepiga magoti. Gichuki alirudi nje kusoma kibao mara ya pili. Aliporudi walikuwa wanaimba wimbo aliosema wewe unauimba ukichuma kahawa. Akasimama palepale mlangoni akauimba wote, kwa Kikikuyu, watu wakageuka.

Kuna mzee hapo anaitwa Padre Jumbe, Mtanzania wa Masasi, anayesoma misa ya Kiswahili kwa ajili yetu Wakongomani na Warundi na Watanzania. Gichuki alimwuliza: "Sasa Padre, hapa ni wapi? Ni Anglikana au ni Katoliki?"

Padre akasema, "Hapa ni kwa bibi yangu. Kaa, utapewa chai."

Wanaitwa Anglo-Katoliki, Mama. Juzi baada ya barua yako nilimfuata Padre nikamwomba anifafanulie neno hilo polepole ili nikuandikie, kwa kuwa mimi nilisoma kidogo. Alisema hivi. Anglo ni Uingereza, ndiko kanisa lenu lilikotoka. Katoliki hapo si Roma. Ni lile neno mnalolisema na ninyi katika Imani, kanisa takatifu katholiko, yaani kanisa zima, la mahali pote na la tangu Mitume. Wasomi wa zamani waliyaunganisha maneno hayo mawili kwa Kilatini. Kisha yapata miaka mia na themanini iliyopita, kwenye mji wa wasomi wa Oxford, mapadre kadhaa Waanglikana waliona serikali inaliendesha kanisa kama idara yake. Wakaandika vijitabu kuwaambia watu: kanisa hili halikuanzishwa na mfalme, ni lile lile la kale, na sakramenti zake ni zile zile. Ndipo jina likashika. Waliowachukia waliwaita wafuasi wa Papa waliojificha. Waliokuja baada yao wakarudisha mishumaa na ubani, na wengine walitiwa jela huko Uingereza kwa ajili hiyo. Walikataa kuviacha, na walikataa pia kuhama kwenda Roma.

Padre anasema wamisionari wa aina hiyo ndio waliofika Unguja na Masasi, kwa babu yake. Wa kwenu walitoka upande mwingine wa kanisa lile lile, wasiopenda moshi. Kwa hiyo yeye na wewe mna askofu mkuu mmoja kule Uingereza, ila hamjawahi kukaa meza moja.

Kwa hiyo Gichuki hakukudanganya. Alikuwa Anglikana mpaka siku ya mwisho. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka, anasema: "Mama yangu akipiga simu, tuko Anglo. Mama yako akipiga, tuko Katoliki. Kila mzee analala salama." Ndivyo alivyokuwa, unamjua.

Sasa nakurudishia ombi langu, kwa magoti. Tarehe mbili iko karibu. Na ile uliyosema uliiona kwenye jeneza, niandikie. Nilimvalisha mimi mwenyewe. Nilikosea nini?

Victoire

*

Johannesburg, 12 Novemba 2017

Mama Lois,

Sijapata neno kutoka kwako. Sidney anasema barua ilifika.

Nitakuambia ilivyokuwa. Siku ya marehemu wote kanisa linawekwa giza kidogo, na mbele wanaweka jeneza tupu lililofunikwa kitambaa cheusi. Padre anafika mahali katika sala ananyamaza, na kila mtu anataja wake, wote pamoja, si kwa zamu. Unasikia majina ya Kizulu, ya Kikongo, ya Kiingereza, yanagongana kama mvua kwenye bati. Mimi nilifungua mdomo na jina halikutoka. Nilijaribu tena, wapi. Nilikuwa nafikiri: kule mparachichini kuna mtu, au hakuna mtu?

Aliyemtaja ni Lois mdogo. Hakusema Gichuki. Alisema Daddy, kwa sauti kubwa, wakati wengine walikuwa wamemaliza.

Mama, chumba hiki kimenishinda. Wateja wananiletea nguo za Krismasi nishone na nashona mikono ya gauni nyuma mbele. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa barua. Kama unaumwa, mwambie yeyote aniandikie mstari mmoja. Nimebaki na wewe tu anayemkumbuka akiwa na meno ya utoto.

Victoire

*

Murang'a, 28 Januari 2018

Victoire,

Siumwi. Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na baadaye kwa sababu nilikuwa na hofu. Sasa hofu imezidi hasira, ndiyo maana naandika.

Hasira ilikuwa ni ule mzaha wake. Kila mzee analala salama. Nilijiona nimekaa na simu sikioni, mzee wa kuchekwa. Najua hakuwa na ubaya. Alinicheka hivyo hivyo hata akiwa mdogo, alikuwa anaficha miwani yangu ndani ya unga halafu ananisaidia kutafuta. Lakini iliuma, kwa kuwa angenieleza ningekataa kwa mwaka mmoja, kisha ningemsikiliza. Hakunipa huo mwaka.

Maelezo ya Padre wako niliyasoma mara nyingi. Nilimpelekea mchungaji wetu kijana. Akasema ni kweli, wako, alifundishwa chuoni, ila yeye hajawahi kumwona mmoja. Nikamwambia mimi nilimzaa mmoja. Hapo nilicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Juni.

Tarehe mbili nilivaa viatu. Nilifika kwenye mlango wa jikoni. Kutoka hapo kaburi naliona. Sikwenda, na nitakuambia kwa nini, kwa kuwa nisipoliandika hili nitakufa nalo.

Walipofunua jeneza, niliinama nimguse mikono. Mkono wa kulia, kidole gumba na kile kinachofuata, ncha zake zilikuwa zimeungua. Si alama moja. Nyingi, moja juu ya nyingine, nyingine za zamani, nyingine mbichi. Nilimfunika haraka wengine wasione.

Victoire, sisi tunasikia redio. Tunajua wageni wanavyofanywa huko Johannesburg. Tulisikia habari za yule aliyechomwa akiwa hai. Nyinyi mliniambia ni mapafu, wiki mbili hospitalini. Sidney alisema mapafu. Karatasi ya daktari ilisema mapafu. Lakini mapafu hayachomi vidole. Nimefikiria kila kitu. Nimefikiria watu wabaya walimshika wakamtesa, na nyinyi mkakubaliana kunificha. Samahani, nimekufikiria hata wewe. Nikisimama pale kutaja jina lake, naona vile vidole, na najiuliza alikuwa ananiita mimi wakati wanamchoma na sikusikia, na haya masikio.

Niambie ni nani. Usinionee huruma. Nani alimchoma mtoto wangu?

Lois

*

Johannesburg, 19 Februari 2018

Mama, Mama yangu,

Hakuna mtu aliyemchoma. Naapa kwa huyu mtoto mwenye jina lako. Ni mapafu, na nilikuwa kitandani pake, na maneno yake ya mwisho yalikuwa kuniuliza kama nimekula.

Zile alama ni za chetezo. Sikuwahi kufikiri kukuambia, kwa sababu kwangu ilikuwa mikono yake tu. Chetezo ni kile chombo cha kutilia ubani, kina minyororo, kinapepewa kanisani. Yule mtu uliyemwona kwenye picha anazunguka na moshi amechukua mahali pa Gichuki. Kazi hiyo ilikuwa yake. Tangu mwaka mtoto alipobatizwa, kila Jumapili, yeye ndiye aliyekuwa mshika chetezo wetu.

Ili ubani utoe moshi lazima kwanza uwashe makaa chumba cha nyuma, na kaa likishika moto unaliingiza ndani ya chetezo. Kuna koleo ndogo ya kazi hiyo. Gichuki hakuitaka. Alikuwa analiokota kaa kwa vidole viwili, hivi, haraka, anaweka, anapuliza vidole. Kila Jumapili namwambia unajiunguza, Padre Jumbe naye anampigia kelele. Unajua alivyokuwa anamjibu Padre? "Hii ngozi si yangu, ni ya mama. Yeye anahamisha moto kutoka jikoni mpaka kwenye jiko la wageni kwa mkono mtupu, na chai haijawahi kuchelewa."

Alinieleza hata mimi. Kwamba asubuhi ulikuwa unachagua kaa moja jekundu kutoka kwenye mafiga, unalirusha kutoka kiganja kimoja kwenda kingine, na kulipeleka huku unaimba. Alikuwa anajaribu nyuma ya nyumba na kulia kimya kimya ili usijue. Alisema hakuwahi kuweza mpaka alipokuwa mtu mzima, huku Johannesburg, kanisani.

Kwa hiyo moshi ule uliouona unazunguka ndio huo, Mama. Padre anasema ubani ni sala inayopanda, na tunaupepea juu ya jeneza kwa heshima, kwa kuwa ule mwili ulikuwa nyumba ya Mungu. Lakini mimi najua kwamba kila Jumapili Gichuki aliuwasha kwa mkono wako.

Sikuombi tena mshumaa. Sikuombi uombe namna yetu. Ila usimwache na watu wabaya ambao hawakuwepo. Nenda ukamwambie umejua.

Victoire

*

Murang'a, 6 Novemba 2018

Victoire mwanangu,

Utanisamehe kwa ukimya wa miezi hii. Sidney atakuwa amekuambia nililazwa kwa ajili ya moyo. Nimerudi nyumbani, natembea kwa fimbo, na daktari anaongea na mjukuu wangu mkubwa pembeni, akidhani kwa kuwa sisikii basi na kuona sioni.

Barua yako ya chetezo iko ndani ya Biblia yangu. Nilipoisoma niliingia jikoni nikafunga mlango, nikalia mpaka moto ukazimika. Sikujua alikuwa ananitazama. Mtu unahamisha kaa kwa sababu koleo imepotea na wageni wamefika. Hujui kuna mtoto nyuma ya nyumba anajifunza.

Juzi tarehe mbili nilikwenda. Nitakueleza ilivyokuwa, kwa kuwa uliniomba mwaka jana na sikukupa.

Mshumaa sikuwasha, huo utanisamehe, mkono ulikataa. Lakini nilichagua kaa moja kwenye mafiga, dogo, jekundu vizuri. Nilitaka kulibeba kama zamani. Lilinishinda mlangoni, ngozi imekuwa laini kwa kulala hospitali, nikaliangusha. Nikaliokota tena nikaliweka kwenye kifuniko cha sufuria. Nilikwenda nalo taratibu mpaka mparachichini, nikaliweka juu ya udongo, upande wa mkono wake wa kulia. Halikutoa moshi mwingi. Ulipanda kidogo, ukafika kwenye majani.

Nikataja jina lake. Nilisema, "Gichuki wa Lois." Masikio yangu hayakuisikia sauti yangu, kwa hiyo nikasema tena kwa nguvu, na mwenzangu mmoja wa uamsho, aliyeokoka kama mimi, akiwa anapita njiani akasimama. Akanifuata, akauliza kwa ishara ninafanya nini. Nikamwambia namwambia Mungu amtunze. Nikasoma midomo yake: Lois, tangu lini tunawaombea wafu? Nikamwambia sijui kama naomba au nashukuru, leo vimechanganyika, niache nimalize. Hakuondoka. Alikaa na mimi chini mpaka kaa likawa jivu, kisha akaninyanyua, na tukarudi kunywa chai.

Sijawa mtu wa moshi, usimwambie Padre wako hivyo. Lakini mwambie yule mzee wa Masasi kwamba kama angepita Murang'a angekaa meza moja na mimi.

Nawe usikunje tena zile suruali. Mpe mtu anayetembea.

Sasa na mimi nina ombi. Mwaka ujao, mahali pale Padre anaponyamaza, na kila mtu anataja wake, mnitaje na mimi, maana sidhani nitakuwa bado naandika barua. Kama ni lazima mtu awe amekufa kwanza, basi ngojeni. Kama si lazima, hata Jumapili hii ni sawa. Hamtahangaika kulitafuta jina, mnaliita kila asubuhi likaoge liende shule.

Mnikumbuke.

Mama yako,
Lois